Aliyeupeleka Mtambuu Wetu Mwituni

Ulimi wangu haujapata kumwita ila Mwalimu. Nilijaribu, katika miaka ile niliyokuwa na sababu ya kumwita kwa majina mabaya, nikashindwa. Alinifundisha elimu ya viumbe nikiwa msichana wa sekondari hapa Mjini Unguja, katikati ya miaka ya themanini, na nilipomaliza chuo bara nilirudi kufanya kazi chini yake katika kituo cha mimea, ambacho kwa hakika kilikuwa chumba kimoja chenye kabati tatu na hadubini moja. Nasaba yake siijui sawasawa, wala sitaitafuta leo. Namweleza kwa niliyoyaona na kwa aliyonitenda, na msomaji atanisamehe iwapo mawili hayo yatachanganyika.

Alivaa mashati yenye mifuko miwili ya kifuani: wa kulia wa kalamu, wa kushoto wa majani. Mkewe alilalamika kwamba hakuna shati la mumewe lililopata kukauka kambani bila ya doa la kijani upande wa moyo. Akipita vichochoroni alitazama juu, kwenye nyufa za kuta za zamani ambamo mimea huota bila ya kupandwa, akawapiga watu vikumbo na kuwaomba radhi bila ya kuwatazama. Siku moja jirani yetu, mwanamke asiyekopesha maneno, alimkuta amesimama mbele ya nyumba yake shingo imemkunjika nyuma, akamwuliza iwapo anatafuta mke wa pili au anahesabu madirisha. Mwalimu akamjibu kwa utulivu kwamba anatazama kimea kilichoota juu ya mlango.

"Basi kipe salamu zetu," yule bibi akasema, "maana sisi tulio chini hutuoni."

Mtaa mzima ulicheka, na yeye mwenyewe akacheka, kisha akaendelea kutazama juu.

Nilichokipenda kwake ni namna alivyotutoa katika uvivu wa kufikiri. Uwanjani mwa skuli palikuwa na mkungu, mti ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya kupukutika. Alitukusanya chini yake, akaokota jani moja, akauliza limekuwaje likawa jekundu. Mmoja akasema limeunguzwa na jua, mwingine akasema limezeeka, mimi nikasema limechoka. Akanitazama kwa huruma.

"Jani halichoki, bibie. Jani huamrishwa."

Kisha akaeleza kwamba ndani ya kila chembe ya jani mna jeni, yaani maagizo yaliyokuwamo tangu katika mbegu, na kwamba si maagizo yote yanayosomwa kwa wakati mmoja. Jani likiwa changa, husomwa yale ya kujenga. Ya kubomoa yamelala. Wakati ukifika, kwa umri, kwa kiza, kwa kiu, au kwa kuwa mti unataka kulisha mbegu zake, jeni moja huamka na kuziamsha nyingine, na hapo jani huanza kujibomoa kwa mpango. Rangi ya kijani huvunjwa, na kila chenye thamani ndani yake hurejeshwa tawini, katika majani mapya na katika mbegu. Kinachoanguka chini ni ganda. Kwa hiyo uzee wa jani, alisema, si uchakavu bali ni kazi yake ya mwisho. Ikitokea kwamba moja ya jeni hizo ni bubu, amri haifiki, na jani hubaki kijani hata likitengwa na mti wake. Hapo akatuonya kwamba kijani cha namna hiyo ni cha aina mbili. Kipo cha jani lililo hai kweli, na kipo cha sura tu, cha jani lililokwisha kufa ndani ila rangi haikuondolewa. Kwa macho hayatofautiki, lazima upime. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akizungumzia kufa kwa furaha namna ile.

Jambo lake kubwa jingine lilikuwa vibandiko. Kila mmea tuliokausha na kuubandika kwenye karatasi ulipaswa kuwa na kibandiko kinachosema umechumwa wapi, na nani, na kwa idhini ya nani. Mwenzangu mmoja alirudi likizo na jani, akaandika "Mkokotoni" na kuona amemaliza. Mwalimu akamwuliza ni Mkokotoni ipi, ya sokoni au ya kule wanakopandia mashua za Tumbatu. Kwenye kiambaza cha nani, yaani ukuta wa nyumba ya nani. Na je, mwenyewe alikuwepo? Msichana hakujua. Akamrejeshea jani lake na kumwambia Jumamosi aende tena akaulize. Alikwenda, akarudi na jibu na samaki wawili wa kukaanga aliopewa na mwenye kiambaza. Mwalimu akamla mmoja mbele ya darasa, akisema kwamba hiyo ndiyo ladha ya kibandiko kilichoandikwa sawasawa. "Mmea usio na pahala," alizoea kusema, "ni ushahidi wa mtu ambaye hakuwepo."

Pamoja na hayo, kwa watu alikuwa mwongo mwepesi. Wakaguzi walipokuja aliwaonyesha miche iliyopandwa jana akawaambia ina miezi mitatu. Mkewe aliambiwa kwamba mumewe yuko kikaoni, naye amelala chali chini ya mti anahesabu majani. Tulipomtania kwa hilo alikuwa na jibu lake tayari: "Mtu ukimdanganya leo, kesho utamwomba radhi. Karatasi utaiomba radhi wapi?" Tukacheka, tukaamini kwamba huo ndio mpaka wake, na kwamba ni mpaka wa ukuta.

Sina budi sasa kumweleza Shangazi, dada wa baba yangu, aliyenilea katika nyumba ya ukoo wetu yenye dari mbili, yaani ghorofa mbili, ambayo ilikuwa imebaki na watu watatu. Ukoo wetu ulikuwa na mashamba. Mashamba yalikwenda kabla sijapata akili, na katika yote yaliyokuwako huko, kilichofika mjini ni pingili moja ya mtambuu, mmea ambao majani yake ya tambuu hutafunwa pamoja na popoo. Ilifungwa katika kitambaa cha maji. Shangazi aliipanda uani kando ya kisima, ikatambaa ukutani mpaka dari ya pili. Majani yake yalikuwa na sifa iliyojulikana mitaa mitano: yakichumwa hayageuki manjano. Tambuu ya sokoni, hata uitunze vipi, wiki haiishi imekuwa na rangi ya bizari. Yetu ilikaa mwezi ikawa kijani na kali vilevile ulimini. Wenye harusi walikuja kuomba majani kabla ya kupanga siku. Majani, Shangazi aliyatoa kwa mikono miwili. Pingili hakumpa mtu. Pingili ilikuwa ya binti wa nyumba anapoolewa, aikate mwenyewe kwa ukucha, si kwa kisu, akaipande aendako. Na kwa kuwa mimi sikuolewa, mtambuu ule ulikuwa haujakatwa.

Ni mimi niliyemwambia Mwalimu. Nilichukua majani machache nikampelekea kituoni, akayalaza kabatini gizani pamoja na ya sokoni juu ya kitambaa kibichi, na kila asubuhi akafungua mlango wa kabati taratibu kama mtu anayemchungulia mgonjwa aliyelala. Ya sokoni yakawa manjano, kisha kahawia, kisha tukayatupa. Yetu yalibaki kijani. Akapima alichotufundisha kupima, akakuta si kijani cha sura. Chembe zilikuwa hai, bado zinafanya kazi. Akaketi sakafuni na shati lake jeupe.

"Miaka ishirini natafuta jeni bubu," akasema, "kumbe iko uani kwenu inatafunwa na popoo."

Alitaka pingili. Nikamwambia si yangu kuitoa. Kwa hiyo akaja mwenyewe nyumbani, alasiri, amevaa kanzu, akaketi sebuleni, na Shangazi akamkunjia tambuu kwa mkono wake. Kwetu, anayepokea uraibu huo kutoka mkononi mwa mwenye nyumba na kuutafuna mbele yake, neno atakalolisema wakati huo ni ahadi. Hakuna haja ya shahidi. Mwalimu alilijua hilo, maana yeye pia ni mtoto wa Mjini. Akatafuna, akasema kwamba pingili itakuwa amana mkononi mwake, kwamba lolote litakalogunduliwa litajulikana kuwa limetoka katika nyumba hii, na kwamba haitapita mkono mwingine bila ya Shangazi kuulizwa.

"Huyu mwanangu anakwita Mwalimu," Shangazi akamwambia. "Na mie ukinivunjia ahadi, nkwite nani?"

"Nite mwizi, Bi Mkubwa," akajibu, midomo imeiva kwa wekundu, na wote wawili wakacheka.

Shangazi akanipa ruhusa kwa kichwa. Nikaenda kisimani nikaikata kwa ukucha. Nilijua nnaikata pingili yangu, ile ambayo ningeondoka nayo siku ya harusi, na nilijua Shangazi naye analijua hilo. Nilimkabidhi Mwalimu kwa hiari. Kijana mmoja aliyepata kuniposa hakupewa nusu ya imani hiyo.

Pingili ilipoota na kuzaa nyingine, Mwalimu alizipeleka kwa wataalamu wa ng'ambo waliokuwa na vyombo vya kuzisoma jeni. Ilikuja fomu ya kujazwa. Yeye alisema, mimi nikaandika, kwa kuwa hati yangu ilikuwa nzuri zaidi. Tulipofika penye mstari wa kuandika mmea umetoka wapi na jina la mwenyewe, kalamu yangu ilisimama. Katika nyumba yetu jina la mwanamke mzima halipelekwi kwenye baraza la wanaume asiowajua. Hata kadi za harusi za zamani ziliandika "binti ya fulani" na kuishia hapo. Nikaona kwamba kuliandika jina la Shangazi lisomwe na wageni upande wa pili wa dunia ni sawa na kumtoa nje bila ya buibui. Nikapaacha patupu, nikamwambia Mwalimu kwamba nitamwuliza mwenyewe apendavyo kuandikwa. Akasema hapana neno. Nikaona haya kuuliza siku hiyo, na kesho yake, na siku nyingine nikakuta fomu haipo mezani. Nikajiambia kwamba Mwalimu, kwa jinsi alivyo na vibandiko, hawezi kuipeleka na pengo.

Shangazi alikuwa na desturi ya kusikiliza redio alasiri huku akichambua mchele. Miaka kadhaa ilikuwa imepita, na ile ya tisini ilikuwa ikimalizika. Siku hiyo nilikuwa naye. Ikatoka sauti ya Mwalimu, tukaitambua kabla ya kutajwa. Alielezea kwa ufasaha ule ule jinsi majani yanavyoamrishwa kuzeeka, na jinsi jeni bubu ilivyogunduliwa katika mtambuu wa Unguja, na faida itakayokuja siku jeni hiyo itakapoeleweka, mboga zisinyauke njiani kwenda sokoni. Mtangazaji akamwuliza mmea huo aliupata wapi. Akasema Mangapwani. Aliuona mwituni, karibu na pango, umetambaa juu ya mawe, umejiotea, hauna mwenyewe.

Shangazi hakuifunga redio. Aliacha kipindi kikaisha na tangazo la maji likasomwa. Mkono wake uliendelea kutoa vijiwe katika mchele.

"Mangapwani," akasema, "mie nmefika lini?"

Hakunikemea, na laiti angenikemea. Tangu siku hiyo kila aliyeingia nyumbani mwetu alikunjiwa tambuu, awe muuza maziwa, na mimi nilipitwa. Sahani ya uraibu ilifika kwa aliye kushotoni kwangu, kisha kwa aliye kuliani. Mtambuu niliambiwa nisiuguse hata kwa kuumwagia maji. Maneno yakazunguka katika ukoo kwamba mimi ndiye niliyemfungulia mwizi mlango, msomi kwa msomi. Nilimwambia Shangazi kwamba yote ni ya Mwalimu, kwamba mimi pia nimehadaiwa. Kuhusu pahala patupu katika fomu, sikumwambia. Nilisema moyoni kwamba ni jambo dogo, na kwamba kulitaja ni kumpunguzia mkosaji kosa lake.

Asubuhi iliyofuata redio nilimkabili Mwalimu kituoni. Sikupiga kelele, sikujua namna ya kumpigia kelele. Nilimwuliza Mangapwani imetoka wapi. Alinijibu akiwa anasafisha lenzi. Alisema kwamba mmea wenye mwenyewe unataka karatasi za mwenyewe, na sahihi, na kungoja, na wale wa ng'ambo wangechoka wakaenda kutafuta kwingine. Mmea wa mwituni haumcheleweshi mtu. Akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, amemdhulumu nani, na mti bado uko uani kwetu unachumwa. Nikamkumbusha kiambaza cha Mkokotoni. Akatabasamu.

"Lile lilikuwa darasa, bibie."

Niliandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo, nikaenda kufundisha skuli ya wasichana, na kwa miaka mingi nilikuwa nikimwona kwa mbali tu, akitazama juu.

Nisingemtafuta tena lau si miguu ya Shangazi, ambayo ilianza kumwacha. Alikuwa hashuki tena uani. Nilihesabu kwamba ukibaki muda, haukubaki mwingi, na kitu kimoja tu nilikitaka: Mwalimu aje nyumbani aseme kwa mdomo wake, mbele ya mwenye mtambuu, kwamba haukutoka mwituni. Niliamini kwamba akilisema hilo, Shangazi atanirejesha.

Alikuwa amestaafu, anakaa Chukwani kwa binti yake, na ukungu ulikuwa umeingia katika macho yake. Nilimkuta barazani na jani mkononi, analipapasa kingo kwa kidole gumba. Nikamwamkia shikamoo, akaitambua sauti kabla ya kuitikia marahaba. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ubishi. Hakubisha. Nilipomaliza kumwomba alisema atakuja Ijumaa baada ya sala, na kwamba nilichelewa, alikuwa akiningoja nije kuomba tangu zamani. Nilirudi Mjini nikiwa mwepesi kama msichana.

Ijumaa alikuja kwa gari la mkwewe, kwa kanzu iliyopigwa pasi. Nilimshika mkono ngazini. Shangazi alikuwa ameketishwa sebuleni, sahani ya uraibu mbele yake, akamkaribisha kwa heshima zote na kumwuliza hali ya macho. Mwalimu hakuzungusha maneno.

"Bi Mkubwa, nimekuja kusema kweli. Nilisema Mangapwani, na haikuwa Mangapwani. Mtambuu ni wako. Lakini karatasi niliikuta tupu. Aliyekuwa akiandika ni huyu mwanao, na pahala pa jina lako hakuandika kitu. Mimi nilijaza tu."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayerejesha kitu alichokiokota. Na lilikuwa kweli. Alilihifadhi miaka yote hiyo, sawa na mimi, na alikuwa amelileta siku niliyomwita mwenyewe.

Shangazi akanigeukia. "Kweli?"

"Kweli, Shangazi. Niliona haya jina lako kwenda kwa wanaume usiowajua. Nikasema ntakuuliza. Sikukuuliza."

Kisha akamgeukia mgeni.

"Mwanangu aliacha pahala patupu. Wewe ulipopakuta, mbona hukuja ukanuliza?"

Mwalimu alifikiri, naye hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kufikiri.

"Ningekuja, ungekataa."

"Naam," Shangazi akasema. "Ningekataa."

Hakumkunjia mtu tambuu. Akamwita msichana wa kazi amsaidie kusimama, akaingia chumbani kwake, akatuacha sisi wawili na sahani.

Nilimsindikiza Mwalimu kwa sababu hakuwa akiziona ngazi. Alinishika mkono kwa nguvu, akishuka moja moja, na alipofika chini alisimama kuvuta pumzi. Akaniambia kwamba katika wote aliowafundisha, wavulana kwa wasichana, hakupata mwenye akili na mkono safi kama mimi, na kwamba alitaka nilijue hilo. Niliyangoja maneno hayo tangu nina miaka kumi na saba, na aliponipa ilikuwa siku ambayo sikuwa na pa kuyaweka. Nikaitikia naam. Nikamfungulia mlango wa gari, nikamwingiza na ncha ya kanzu yake isibanwe, nikaufunga. Nilipogeuka kurudi ndani, dirisha la chumba cha Shangazi lilikuwa limekwisha kufungwa.